Dawa ya Zidaka

Mtu akiniuliza kazi yangu, humjibu kwamba mimi hutia vitu ndani ya matundu. Wengine hucheka, wengine huudhika, lakini jibu la kweli ni hilo. Jiwe la matumbawe, ambalo nyumba zetu za Mji wa Kale zimejengwa kwalo, watu hudhani ni kitu kilichojaa. Wapi! Ni vitundu vitupu, na ndani ya vitundu mna vitundu vingine, mpaka vile ambavyo hata hadubini nzuri huviona kwa taabu. Chokaa inayopakwa juu ya jiwe ni hivyo hivyo. Mimi ni mkemia, nafundisha chuoni hapa pwani, na utafiti wangu ni kutengeneza plastiki ndani ya vitundu hivyo. Nasema ndani, si juu. Tofauti hiyo nimeieleza mara nyingi kwa watu wanaodhani nauza rangi, na kila nikiieleza hasira hunipanda upya.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu babangu, anakaa Mji wa Kale katika nyumba aliyozaliwa. Ni ghorofa kongwe iliyobanana na majirani, hata tuk-tuk haifiki mlangoni. Unashukia kwenye kona na kumalizia kwa miguu. Chumba chake ni kile cha ndani kabisa, na ukuta mmoja mzima wa chumba hicho ni zidaka, yaani vidaka, vishubaka vya chokaa vilivyochongwa safu juu ya safu, kila kimoja kimezungushiwa nakshi ya majani na maua. Humo hukaa sahani za kauri za bibi yetu, chupa za marashi na msahafu. Katika nyumba zetu za zamani, chumba cha namna hiyo ndicho cha kuzalia na ndicho cha kuoshea maiti. Shangazi alizaa wanawe wote humo, na mumewe alioshwa humo. Yeye mwenyewe hakuficha kwamba humo ndimo anamotaka kumalizia.

Ukuta huo ulianza kuugua polepole. Maji ya ardhini hupanda na chumvi yake ndani ya kuta nene kama hizi, hata yakafika ghorofani; maji yakikauka chumvi hubaki ndani ya vitundu, ikageuka fuwele na kufura, na kila fuwele husukuma chembe ya chokaa mpaka itoke. Ukipitisha mkono, kiganja kilitoka cheupe kama umetoka kukanda unga. Kisha asubuhi moja kipande kizima cha nakshi, kipana kama sinia, kikaanguka juu ya mto wa shangazi, muda mfupi tu baada ya yeye kuinuka kwenda kutawadha. Alimshukuru Mungu, akapangusa mto, akatandika kitanda. Kosa lake ni kwamba alimsimulia mwanawe.

Mwanawe wa kwanza, binamu yangu, ni wakala wa kutoa mizigo bandarini Kilindini. Ni mtu mwema, mkarimu, anayempenda mamake kwa mapenzi ya kelele. Kwa miaka alikuwa akimsihi ahamie kwake Nyali, kwenye fleti yenye lifti na upepo, na kipande kile cha chokaa kilimpa sababu aliyokuwa akiitafuta. Ukuta uvunjwe, upigwe saruji na vigae, na mama aende Nyali mpaka kazi iishe. Mpaka kazi iishe, alisema. Shangazi alijua, nami nilijua, kwamba mwanamke wa umri wake akishahamishwa na godoro lake, hakuna anayemrudisha.

Akanipigia simu.

"Mwanangu, wewe si wasomea mawe?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi ukuta wangu wafa. Njoo uutazame kabla hawajauzika na mimi juu yake."

Nilikwenda siku hiyo hiyo, nikamkuta binamu keshafika, amevaa shati la kazini, ameketi kando ya mamake. Shangazi alitukaribisha kahawa na tende kana kwamba tumekuja kuposa. Binamu hakungoja hata kikombe kipoe.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," akaniambia, kana kwamba methali hiyo kaitunga yeye jana.

Nikamuuliza ni nani aliyepaka rangi ya mafuta sehemu ya chini ya ukuta. Akasema ni yeye, mwaka uliopita, ili kuusaidia. Hapo nikashindwa kujizuia. Nilimwambia kwamba rangi yake ndiyo iliyoupiga ukuta dafrau na kuuharibu. Ukuta wa chokaa hupumua. Ukiufunga pua kwa rangi, unyevu na chumvi hukusanyika nyuma ya ngozi hiyo, na siku ngozi ikibanduka hubanduka na nyama yake. Sauti yangu ilipanda mpaka shangazi akagonga sinia kwa kijiko.

"Msinitilie makelele nyumbani. Dawa yake iko au haiko?"

Nikasema iko, nikijua kwamba nimeijaribu kwenye vipande vya mawe maabara, sijapata kuitia kwenye ukuta unaokaliwa na mtu ninayempenda.

Binamu alinitazama, akamtazama mamake, akahema. "Haya, profesa wa mawe. Nakupa mpaka Idi ipite. Idi ikipita na ukuta bado wamwaga unga, fundi wangu yuwaingia na nyundo, na mama yuwaja kwangu. Mkono huu?"

Mkono, nikasema, nikampa. Tulikuwa katika mwezi wa Rajabu.

Binamu alipoondoka, shangazi akataka kuelezwa. Si mtu wa kuridhika na "wewe niachie mimi". Akauliza kwa nini nisipake gundi yoyote ya dukani, mambo yakaisha. Nikamwambia kwamba plastiki ni minyororo mirefu mno, na mnyororo mrefu hauingii kwenye kitundu kidogo; utalala juu tu, kama ile rangi. Kwa hiyo sisi hatuupeleki mnyororo. Twapeleka pete zake moja moja, zikiwa bado ni maji mepesi kuliko mafuta ya taa. Maji hayo hunyweka na kufika mpaka ndani kabisa. Tumetia humo unga kidogo wa kuyaamsha, na tukiyapasha moto kwa kiasi, zile pete huanza kushikana huko huko ndani, moja kwa nyingine, mpaka zikawa minyororo migumu iliyoshikilia chembe za chokaa kutoka ndani. Wala hatuvijazi vitundu. Twavipaka kuta zake tu, ili ukuta uendelee kupumua.

Shangazi alifikiri. "Kama wageni wa harusi," akasema. "Mlangoni waingia mmoja mmoja, ndani ndio washikane."

Nimekaa na maprofesa walioeleza jambo hilo kwa saa nzima bila kufika hapo. Nikambusu mkono.

Maabara ninafanya kazi na mwanamke mmoja kutoka bara, mtu wa Murang'a, aliyekuja Mombasa kwa mwaka mmoja na hajaondoka tena. Yeye ndiye mwenye mikono. Mimi nina mdomo. Tulichukua vipande vilivyokuwa vimebanduka sehemu ya chini ya ukuta, karibu na sakafu, tukavisafisha, tukavinywesha dawa na kuvipasha. Kile ambacho kabla ya hapo kilikuwa kikivunjika kwa pumzi, sasa ulikikwaruza kwa msumari, kikakaa. Tulikitumbukiza ndani ya maji tukakisahau, tukakikuta kizima. Rangi yake haikubadilika, wala haking'ai. Mwenzangu alikigongesha mezani, akasema, "Hii sasa hata mimi naweza kulala chini yake."

Kabla ya dawa ilibidi kutoa chumvi. Tulibandua rangi ya binamu kwa subira, kisha tukaukandika ukuta karatasi laini iliyorowekwa kwa maji safi mpaka ikawa rojo. Karatasi ikikauka huivuta chumvi na kutoka nayo. Unaibandua, unakandika nyingine. Kazi hiyo ilichukua sehemu kubwa ya Shaabani. Shangazi alikuwa akija kutuchungulia na kusema twaulisha ukuta uji wa mgonjwa. Sahani za bibi tulizifunga kwa leso zake na kuzipanga chumba cha nje, na kila mgeni aliyekuja kumjulia hali shangazi aliletwa kwanza kuuona ukuta, ndipo aulizwe habari za watoto.

Siku moja kabla ya kuanza dawa yenyewe niliweka sheria. Dawa ile hushika moto upesi, na mvuke wake zaidi. Nikamwambia shangazi kwamba tangu sasa hakuna jiko la makaa humu ndani, hakuna kiberiti, na zaidi ya yote hakuna chetezo.

"Hata udi?"

"Udi ndio wa kwanza, shangazi."

"Na nyinyi mwaja na dawa inayonuka, mwingie chumba kisichofukizwa?"

"Ndiyo."

Alinyamaza kwa namna ambayo, kama ningekuwa na akili siku hiyo, ingenitia wasiwasi. Shangazi yangu hanyamazi kwa kukubali. Lakini mimi nilikuwa nahesabu chupa.

Tuliamua kuanza na kidaka kimoja tu, cha safu ya katikati, kilichokuwa kimeharibika zaidi. Tuliingia asubuhi na barakoa zetu, madirisha wazi, tukakinywesha dawa kwa brashi polepole mpaka kikakataa kunywa. Tukakifunika kwa karatasi ya fedha, ile ya kufungia vyakula, tukaziba kingo zake ili hewa isiingie, kisha tukakikanda kwa mipira ya maji ya moto. Maji yalitelekwa kwa jirani wa chini, na mwenzangu alipanda na kushuka ngazi mpaka akaapa hatakuja tena Mji wa Kale bila mbawa. Jioni tulirudi nyumbani kwetu tumechoka na tumejaa matumaini. Nilimpigia hata binamu, nikajisifu kidogo. Sijui nini kilinituma.

Kesho yake nilibandua karatasi, nikapitisha kidole. Kidole kilinata.

Nikapitisha tena, kana kwamba ukuta ungebadili nia. Dawa ilikuwa bado majimaji, nzito kama asali ya maji, imo ndani ya kidaka, haijashikana. Nakshi ikawa mbaya kuliko mwanzo, kwa sababu sasa ilikuwa laini na imelowa, na ua moja likabaki kwenye kidole changu. Nakumbuka nilivyolitazama ua lile. Nilitaka kulia, na kwa kuwa sipendi kulia mbele ya watu, nikagomba. Nikamgombeza mwenzangu juu ya unga wa kuamsha, kwamba ameupima vibaya. Hakuupima vibaya. Alinijibu kwa upole, "Pima wewe basi," akanipa mizani. Nikapima, nikakuta yuko sawa, nikamwomba radhi.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. "Imekataa?" akauliza.

"Imekataa."

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mwanangu." Lakini aligeuka akaenda kukaa kitandani mwake, na nikajua anafikiria Nyali.

Ramadhani ikaingia. Tulikuwa tumekandika kidaka kile pamba iliyorowekwa kwa spiriti, ili kuivuta ile dawa itoke kabla haijaleta madhara zaidi. Ndiyo njia pekee iliyokuwapo, nami sikujua kama itafaa. Mwenzangu, ambaye hakufunga, alikuwa akijificha ngazini kunywa maji mpaka shangazi akamkamata. "Mwanangu, saumu ni yangu. Wewe waendea kufa kiu kwa ajili ya nini? Ingia jikoni unywe kama mtu." Tangu hapo alikuwa akiwekewa gilasi yake na sahani imefunikwa.

Siku tuliyobandua pamba ya kwanza, mwenzangu aliishika, akavuta pumzi, akacheka.

"Unajua hii inanuka nini? Inanuka kwa daktari wa meno."

Nikaichukua nikainusa. Kweli. Chini ya ukali wa spiriti na ule uvundo wa dawa yetu palikuwa na harufu nyingine, tamu, kali, ya jino bovu na pamba. Karafuu. Nilisimama na pamba ile puani kama mwehu, na mambo yakaanza kujipanga yenyewe kichwani. Madaktari wa meno wanajua vizuri kwamba jino lililotiwa mafuta ya karafuu halitakiwi kuzibwa kwa plastiki mara moja, kwa sababu mafuta hayo huizuia isigande. Ndani yake mna kitu kinachomdaka kila mmoja wa wale wageni wa harusi kabla hajamshika mkono mwenzake. Nilisoma hayo nikiwa mwanafunzi. Lakini karafuu imeingiaje ukutani? Vipande tulivyovijaribu maabara havikuwa nayo.

Nikamwita shangazi.

"Shangazi, kwa haki ya Mungu, uliupaka nini ukuta?"

"Lini?"

"Kabla hatujaanza."

"Ah," akasema, bila hata kuona haya. "Kidogo tu. Mafuta ya karafuu na marashi."

"Kwa nini?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini amevaa nguo. "Wewe wenda kwa daktari hujaoga? Hujajipaka? Ukuta wangu wenda kutibiwa, na wageni waja kuushika na kuutazama kila pembe, nao umekaa na chumvi na makaratasi tangu Rajabu. Udi umenikataza. Ningeuacha unuke?" Kisha akaongeza, akigeukia mwenzangu apate shahidi, "Niliupangusa na kitambaa laini, nikaupaka mpaka mkono wangu ulipofika."

Mkono wake ulifika mpaka safu ya katikati na kidogo juu yake. Nikakaa chini sakafuni. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na mwenzangu akacheka, na shangazi, asiyejua tunacheka nini, akaanza kukasirika. Ni vigumu kueleza raha niliyoipata. Tangu ile asubuhi ya kidole kunata nilikuwa nikilala na hofu kwamba ukuta wenyewe ndio unaokataa, kwamba kuna kitu ndani ya chokaa ya wazee ambacho elimu yangu haikijui na haitakijua kabla ya Idi. Kumbe ni adabu. Kumbe mama wa watu alimwosha mgonjwa wake akampamba kwa ajili ya daktari, na daktari mwenyewe ndiye aliyemkataza udi akamsukuma kwenye chupa ya karafuu.

Nilipomweleza, uso wake ulibadilika. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda na kuufunika mdomo kwa ncha ya mtandio. "Basi ni mimi niliyeuua."

"Hukuuua, shangazi. Umeniambia, na sasa najua la kufanya. Ungeninyamazia ndio ungeuua."

"Ntayatoaje mafuta yangu?"

"Hutayatoa wewe. Wewe ukae mbali na chupa zako mpaka Idi."

Akaapa. Na ili kuonyesha kwamba haamini kiapo chake mwenyewe, akamkabidhi mwenzangu chupa zote azifungie kwa jirani.

Kwanza tulirudi maabara tukahakikisha. Tulichukua kipande kilichosalia, tukakipaka mafuta ya karafuu makusudi, tukakitia dawa. Hakikuganda. Kingine tukakipaka, tukakivuta mafuta kwa spiriti mara kwa mara mpaka pua zetu zikasema basi, tukakitia dawa. Kikaganda, kigumu kama kaka zake wa mwanzo. Nilitoka nje ya maabara nikasimama juani, nikahisi mabega yananishuka. Sikujua kwamba nilikuwa nimeyapandisha muda wote huo.

Nusu nzima ya Ramadhani tuliimaliza kwa pamba na spiriti. Kila kidaka ambacho mkono wa shangazi ulikifikia kilikandikwa na kubanduliwa, kikakandikwa tena. Nilikuwa nimefunga, koo kavu, na kazi ile yataka kunusa. Nilimwachia mwenzangu uamuzi wa harufu, kwa sababu mwenye njaa hunusa biriani hata kwenye spiriti. Ilikuwa akifika kidaka kisicho na harufu ananiita, "Hiki kimetubu," na shangazi kutoka chumba cha nje anajibu, "Alhamdulillahi."

Tulirudia kidaka kile kile cha mwanzo, kile kilichoniaibisha. Tukakinywesha, tukakifunika, tukakikanda. Safari hii sikumpigia mtu simu. Kesho yake nilipofika, shangazi alikuwa ameketi mbele ya ile karatasi ya fedha, tasbihi mkononi, hajaigusa. Nikambusu mkono, naye akanisogezea kiti.

"Sabalkheri, mwanangu. Fungua basi. Moyo wangu si wa kuwekwa hivi."

Nilibandua pembe moja. Nikapitisha kidole. Hakikunata. Nikapitisha kiganja kizima, nikakigeuza kuelekea dirishani: kilikuwa ni kiganja changu, na jasho langu, basi. Nikalikwaruza kwa ukucha ua lililobaki, likakaa mahali pake kama halijapata kuugua. Nikagonga kwa kifundo cha kidole, na mlio ukarudi mkavu, uliojaa.

"Vipi?" akauliza shangazi. "Sema."

"Zimeshikana," nikamwambia.

Aliinuka, akaja akaweka mkono wake juu ya kidaka, akauacha hapo, na midomo yake ikawa inasema maneno ambayo hayakuwa yangu kuyasikia. Nami nikamwacha. Nilijisikia mwepesi, mwepesi kwelikweli, kama aliyetuliwa gunia la chumvi kichwani.

Vidaka vilivyobaki tulivifanya safu kwa safu, na hakuna kilichotukatalia. Tulimaliza siku ambazo wanawake wa mtaani walikuwa tayari wameanza kupika vileja na vibiskuti vya Idi, na harufu ya iliki ilikuwa ikiingia madirishani. Mwenzangu alisema anaomba tu iliki isije ikawa nayo ina lake. Nikamwambia haina. Niliangalia kitabuni kwanza ndipo nikamwambia.

Idi ikapita. Binamu alikuja siku aliyoahidi, kanzu yake ingali ya Idi, na nyuma yake fundi na nyundo yake ndani ya gunia. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa hata nimepanga maneno. Lakini binamu hakunipa nafasi. Aliusogelea ukuta kimya, akapitisha kiganja chake chini, mahali alipopaka rangi, kisha katikati, kisha akapanda juu ya kiti akapitisha juu kabisa. Akaangalia kiganja. Akapiga ukuta ngumi, si kwa nguvu sana. Akashuka.

"Na mvua ya masika ikija?" akauliza.

"Ndani pakavu. Chumvi itaendelea kupanda kutoka chini, siwezi kuizuia bahari. Kila baada ya muda tutaukandika karatasi tena. Lakini hautampukutikia mama."

Alipapasa tena nakshi kwa kidole. Halafu akamgeukia fundi, akamwambia samahani kwa kumsumbua, kuna bomba jikoni linavuja, alitazame madhali amekuja. Fundi akaenda jikoni. Binamu akaketi kitandani kwa mamake, na hapo nikaona jambo ambalo kelele zake zilikuwa zikilificha. Alikuwa ameogopa. Alikuwa ameogopa kipande kile kilichoanguka juu ya mto kuliko tulivyoogopa sote.

"Nilitaka tu usifukiwe ukiwa hai, mama."

"Najua, babaangu. Ndiyo sababu sikukutukana."

Alikunywa chai, akala vileja vingi kuliko ilivyofaa, akaondoka na fundi wake. Mwenzangu naye alikuwa amekwenda kwa jirani kurudisha mipira ya maji. Tukabaki mimi na shangazi. Nilidhani atataka turudishe sahani za bibi mahali pake, nikaanza kuzifungua kutoka kwenye leso. Akaniambia sahani zingoje.

"Inama hapo uvungu wa kitanda. Kuna sanduku. Livute."

Nilivuta. Lilikuwa zito, limefungwa kwa kamba ya katani, fundo lake limekazwa vizuri. Nikamuuliza ni la nani.

"Langu."

"La nini?"

"La Nyali."

Alikuwa amelifunga tangu Rajabu, akaniambia, jioni ile ile niliyompa mwanawe mkono. Wakati wote tulipokuwa tunakandika karatasi na kupanda ngazi na mipira ya maji, na yeye anatuchekesha na kutulisha, nguo zake zilikuwa chini ya kitanda, tayari. Nikamuuliza kwa nini, ikiwa alikuwa haniamini, alinikubalia kazi yote ile.

"Wewe nilikuamini. Ukuta ndio sikuuamini. Nikasema, wacha mtoto ajaribu, asije akakaa na sumu moyoni kwamba hakujaribu."

Fundo lilinishinda, akanipokonya kamba akalifungua mwenyewe. Juu kulikuwa na madera yake na mtandio wa kuswalia. Chini yake viatu, dawa za pressha, picha ya mumewe. Na chini kabisa, imekunjwa ndani ya kitambaa safi pamoja na pamba na kichupa cha maji ya Zamzam, ilikuwa sanda yake. Alikuwa ameifunga aende nayo, kwa sababu alikuwa amekwisha kukubali kwamba ataoshwa chumba kingine, na watu wengine, kwenye nyumba yenye lifti.

Sikuweza kuishika. Nilijifanya natafuta mahali pa kuweka viatu. Shangazi akainyanyua yeye, akaipangusa kwa mkono ingawa haikuwa na vumbi, akanikabidhi.

"Irudishe kabatini, rafu ya juu. Haina haraka tena, na mimi siendi popote."

Niliiweka. Kisha tukatoa madera moja moja, na kila nililolikunja alilikunjua na kulikunja upya, akisema chuo kizima hakikunifunza kukunja nguo.